Kesho Isiwe Kitisho

Zisikilize nyumba zetu jioni moja tu, tangu mtoto anapobwaga mkoba mlangoni hadi anapozimiwa taa, uone tunamtajia vipi mambo yajayo. "Utaona!" "Baba yako akirudi utamweleza." "Endelea tu, utakiona cha mtema kuni." "Nitakununulia, nyamaza." "Tutaenda, lakini si leo." Nusu ni vitisho, nusu ni ahadi za kumtuliza ambazo hata sisi wenyewe hatukuzikusudia. Mtoto wa miaka mitano anayekulia maneno hayo Lakeville, jimboni Minnesota, kusini mwa Minneapolis, anaingia chekechea akijua kuhusu kesho jambo moja tu: kwamba ni mali ya wakubwa, na kwa kawaida haina heri. Mwalimu akimuuliza kwa Kiingereza atafanya nini Jumamosi, anaangalia viatu vyake. Sisi tunasema Kiingereza kinamsumbua.

Mzazi mwenzangu, mtoto huyo muulize swali lilelile kwa Kiswahili. Kama anaangalia viatu tena, acha kutafuta kozi ya Kiingereza. Hana la kusema, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkabidhi kesho yenye kitu ndani yake. Na kesho hiyo inatengenezwa nyumbani kwako, kwa mdomo wako, bila senti.

Kwanza ujue anachokikuta darasani. Katika shule nyingi za Marekani asubuhi ya chekechea huanzia kwenye mkeka, watoto wakiitazama kalenda kubwa ya ukutani: jana ilikuwa siku gani, leo ni gani, kesho itakuwa gani. Wengine huimba. Mzazi akichungulia dirishani anaona mchezo, na kumbe hapo ndipo mtoto anapofundishwa kuuita wakati kwa majina yake, na kila jambo la baadaye, kuanzia hadithi mpaka majaribio ya sayansi ya kubashiri kitakachotokea, litapanda juu ya msingi huo. Anayekuja na mambo ya kusema analichangamkia somo hilo. Asiye nayo anakariri majina ya siku kama kasuku.

Sheria ya Minnesota inataka mtoto awe ametimiza miaka 5 kufikia Septemba 1 ndipo aanze chekechea, na awe amepitia uchunguzi wa awali wa watoto wadogo, ambao ni bure na hufanywa mapema zaidi, akiwa na miaka mitatu au minne. Siku ya kuandikisha utapewa fomu inayouliza lugha za nyumbani. Kuna wazazi wetu wanaojaza Kiingereza peke yake, wakihofia mtoto "atawekwa nyuma". Acheni woga huo. Andika Kiswahili, andika Ekegusii, andika Kilingala kama ndicho mnachogombania rimoti. Msaada wa Kiingereza atakaopewa mwanao si fadhila ya mtu. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, iliwapa ushindi wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, karibu 1,800, waliokuwa wameachwa darasani bila kuelewa lugha ya mwalimu. Familia za watu wageni zilipigana ili mtoto wako asikae hivyo. Kuficha Kiswahili kwenye fomu ni kuurudisha ushindi wao kaunta.

Sasa twende kitandani, maana kazi yenyewe iko huko.

Mwaka 1989 mwanasaikolojia Katherine Nelson wa New York alichapisha kitabu kuhusu mtoto mmoja tu, msichana aliyemwita Emily. Wazazi wa Emily walikuwa wakiacha kinasa sauti chumbani, nacho kikanasa aliyoyasema akiwa peke yake kitandani, baada ya wakubwa kutoka. Rekodi zilianza akiwa na miezi 21. Hebu fikiria umri huo. Wengi wetu mtoto wa miezi 21 tunamchezea tu mashavu. Baba yake alikuwa na ada ya kumweleza kabla hajalala mambo ya kesho yake: wataamka, wataenda wapi, kipi kitatangulia. Baba akishatoka, Emily alianza. Aliyarudia aliyoambiwa, akayapanga upya, akachanganya, akatia ya kwake. Siku ya kesho alikuwa akiijenga peke yake, kwa maneno, huku nyumba nzima ikidhani amelala.

Emily hakupewa kitabu cha sarufi. Alipewa kesho kila usiku na mtu mzima aliyekaa ukingoni mwa kitanda, tena kesho ya kawaida kabisa: uji, soksi, gari, bibi. Unashindwa nini na hilo? Lugha yako ina kila kitu kinachohitajika. Ukimwambia kwa Kiswahili "kesho tutaamka mapema, utavaa buti kwa sababu theluji itaanguka, basi litakuja, na mchana mtakula pizza," umemjengea akilini ngazi ambayo Kiingereza kitaipanda bila wewe kukisukuma. Mtoto mwenye wazo anakosa maneno tu, na maneno ya Kiingereza yamejaa tele Lakeville, mji wa watu zaidi ya 70,000 wanaokizungumza kutwa. Wazo ndilo lisilouzwa dukani Target.

Ana umri gani mwanao? Watafiti wawili wa Queensland, Australia, Janie Busby na Thomas Suddendorf, walitoa mwaka 2005 matokeo ya kuwauliza watoto wadogo walifanya nini jana na watafanya nini kesho. Wengi wa miaka minne na mitano walitoa jibu la maana. Wa miaka mitatu wengi wao walikwama, kwa jana na kwa kesho vilevile. Kwa hiyo usimvuruge wa miaka mitatu kwa maswali. Huyo msimulie tu. Akifika minne, geuza kiti: yeye asimulie, wewe uwe msikilizaji. Na atakapoita kila kitu kijacho "kesho", krismasi ni kesho, kwenda Kenya ni kesho, kuota ndevu ni kesho, usimcheke mbele ya wageni. Mpaka wa neno hilo huchukua miaka kunyooka, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, hata kwa mtoto wa Mmarekani wa jirani.

Kuna hata aliyesema kwamba sisi wakubwa nasi kesho hatuna. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, aliandika mwaka 1969 katika kitabu chake African Religions and Philosophy kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati ujao karibu haupo. Alichunguza Kikamba na Gikuyu akasema hazina njia ya kulitaja jambo lililo mbele zaidi ya miaka miwili hivi. Akaazima Kiswahili, Sasa na Zamani, kuzipa majina nyakati mbili alizotuachia. Kwame Gyekye wa Ghana alimjibu kwa ushahidi wa Kiakan, na Mswahili yeyote anaweza kumjibu akiwa barazani: sisi tuna kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, siku nne mbele kila moja na jina lake. Serikali zetu nazo hazina haya na wakati ujao, Dira ya 2030 Kenya, Dira ya 2050 Tanzania. Sidhani Mbiti alizitendea haki lugha zetu. Lakini nikisikiliza tunavyosema na watoto, vitisho na kesho-kesho, naona tunamtafutia marehemu ushahidi aliokosa.

Basi tubadilike, na tuanze na Kiingereza chenyewe, maana kinatutia kiwewe bure. Kwa Kiswahili -ta- inabeba karibu mzigo wote: nitakula, itanyesha, watakuja. Kiingereza kinaugawa mzigo huo. Mpango uliokwisha kuwekwa, au dalili inayoonekana kwa macho, husemwa kwa "going to". Ahadi, na uamuzi uliokujia sasa hivi, husemwa kwa "will". Ratiba ya shule au ya basi husemwa kama jambo la kila siku: "School starts on Tuesday." Mtoto mdogo hahitaji kuelezwa hata moja ya sheria hizi. Anahitaji kusikia kila namna mahali pake, mara nyingi, kutoka kwa mtu anayempenda. Anza na "going to", kwa kuwa ni miongoni mwa njia za kwanza kabisa watoto wa Kiingereza kuzishika, na kwa kuwa inakwenda na mipango, na mipango ndiyo tunayoitaka. Atasema "I'm gonna". Mwache. Sisi tuliokaririshwa "I shall, you will" chini ya kivuli cha fimbo tuna hamu ya kusahihisha, ila Minnesota unaweza kumaliza mwaka mzima usisikie mtu akisema "I shall" dukani wala uwanjani. Ukimsahihisha kwa Kiingereza cha mwaka 1960 utamnyamazisha, na ukimya ndio adui wetu hapa.

Kuna mahali Kiswahili kinamsaidia moja kwa moja. Kiingereza hakitaki "will" baada ya "when": husemwa "when I grow up". Nasi tunasema nikikua, bila -ta-. Mtoto aliyezoea nikikua anaipata sentensi hiyo kwa urahisi. Aliyezoea nitakapokua ndiye huteleza akasema "when I will grow up". Sema nikikua, basi. Na kama kwenu kila mpango huishia na inshallah au Mungu akipenda, usiache hata kidogo. Mtoto anajifunza kwamba mipango ina kikwazo na sharti, na hapo "if" ya Kiingereza imeshapata pa kukaa.

Minnesota nayo ni mwalimu wa kesho anayefanya kazi bure. Sijui mahali ambapo watu wazima huzungumzia siku ijayo kwa bidii namna hii, na sababu ni baridi. Desemba jua linazama kama saa kumi na nusu jioni. Juni mwishoni halizami mpaka saa tatu usiku hivi. Saa zetu za Kiswahili, zilizohesabiwa kwa jua la ikweta, zinapata kizunguzungu. Kila mtu hutazama utabiri. Mpe mwanao kazi ya mtabiri wa nyumba: kila jioni afungue pazia, atazame mbingu, aseme kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza kesho itakuwaje na atavaa nini. Asubuhi mnakagua. Akikosea mnacheka. Akipatia, anakwenda shule kifua mbele, na mwalimu atasikia mara moja kwamba huyu ana la kusema.

Kisha nendeni kwenye Ziwa Marion, pale Antlers Park, mwezi Oktoba maji yakiwa bado yanacheza. Muulize: litaganda lini? Aseme tarehe, uiandike kwenye kalenda ya jokofuni. Likiganda na wavuvi wakaanza kutoboa barafu na kukalia ndoo, muulize litayeyuka lini. Idara ya maliasili ya jimbo huweka kumbukumbu za siku ambayo barafu imeondoka kwenye maziwa mbalimbali, kwa hiyo mnaweza kujipima na wataalamu. Hapo mtoto wa miaka mitano amesema "I think it will melt in April" na akangoja miezi kadhaa kuona kama kauli yake ina uzito. Niambie kitabu gani cha mazoezi kitampa hilo.

Mji wenyewe umejaa mialiko ya namna hii. Maktaba ya Heritage ya Kaunti ya Dakota inakupa kadi bure, na kila kitabu kinatoka na tarehe ya kurudi. Mtoto ndiye awe mlinzi wa tarehe hiyo. Kila Julai kuna tamasha la Pan-O-Prog, jina lililofupishwa kutoka maneno yenye maana ya mandhari ya maendeleo, na gwaride lake ni jambo la kungojewa na kupangiwa: tutakaa wapi, nani atabeba maji.

Kwa mzazi mwenye mtoto ambaye hajafika umri wa shule: karibu kila wilaya ya shule hapa, hii yetu namba 194 ikiwemo, ina masomo ya ECFE, yaani elimu ya familia zenye watoto wadogo, ambayo jimbo liliyaanzisha kwa majaribio miaka ya 1970. Unakwenda pamoja na mtoto. Mnacheza wote, kisha wazazi mnakaa kando na mwalimu wenu kuzungumza malezi. Ada inapimwa kwa kipato. Wetu hawaendi kwa wingi, nadhani kwa sababu tumezoea kwamba shule ni mahali pa kumpeleka mtoto na kuondoka.

Nasikia mtu akisema: mimi nafanya zamu ya usiku, nikirudi yeye anatoka. Najua. Nusu ya jamii yetu Minnesota inalala mchana kwa ajili ya nyumba za wazee na hospitali. Una simu. Kabla hujavaa sare mwachie ujumbe wa sauti, dakika moja, umwambie kesho itakwendaje, na umtake naye akuachie wake, utakaousikiliza wakati wa mapumziko ya chai. Ujumbe wake wa kwanza utakuwa kelele na pumzi. Wa mwezi ujao utakuwa na "halafu" ndani yake, na "halafu" ndiyo tunayoifukuzia, kwa kuwa mtoto anayesema halafu anapanga matukio kwenye mstari.

Halafu kuna bibi. Wakati wa baridi Lakeville iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tisa. Jumapili saa mbili usiku, mwanao akiwa amevaa nguo za kulala, Tanga ni Jumatatu saa kumi na moja alfajiri na bibi ameamka kwa ajili ya swala. Mpigie. Mwambie mtoto: bibi yako yuko kesho. Utaona macho yake. Amuulize bibi kesho imefikaje huko, kuna mvua, jogoo wamewika? Bibi naye atamuuliza: na wewe mjukuu wangu, kwako ikifika utaifanyia nini? Hakuna somo la wakati ujao duniani linaloshinda hilo, na limefanyika kwa Kiswahili kitupu. Asubuhi atamsimulia mwalimu kwa Kiingereza kwamba bibi yake alikuwa Jumatatu kabla yake, na darasa zima litataka kujua inawezekanaje.

Mkikitunza Kiswahili hicho mpaka sekondari, kina malipo ya kushikika pia: kwa sheria ya 2014, mwanafunzi wa Minnesota akithibitisha umahiri wake katika Kiingereza na lugha nyingine hupata muhuri wa lugha mbili, nao anaweza kuugeuza kuwa alama za masomo katika vyuo vya Minnesota State. Lakini hilo ni la baadaye sana. Turudi kwa wa miaka mitano.

Ataulizwa atakuwa nani akikua. Marekani huliuliza swali hili mapema na mbele ya hadhira, mara nyingine kwenye sherehe ya kumaliza chekechea, kipaza sauti mkononi. Na sisi tumewaandaa wetu majibu matatu: daktari, injinia, rubani. Naomba tuwafungulie. Mwanao akisema atakuwa dereva wa gari la kuzoa theluji, shukuru, kwa kuwa amesema kitu alichokiona na kukipenda. Uliza zaidi. Litakuwa na rangi gani? Utaamka saa ngapi? Utalipa jina gani? Swali hilo la mwisho si la mzaha: Idara ya Uchukuzi ya Minnesota imekuwa ikifanya shindano la kuyapa magari hayo majina, na mwaka 2021 jina lililoongoza kwa kura lilikuwa Plowy McPlowface. Mtoto mwenye jina tayari ana sababu ya kusema sentensi kumi za wakati ujao bila kupumua. Udaktari utamkuta njiani kama ni wake.

Limebaki moja, nalo ni gumu kuliko yote niliyoyataja. Mtoto husikiliza tunavyozungumzia kesho yetu wenyewe. Baba anayesema kila mwaka kwamba mwakani tutaona, mama anayesema akipata nafasi labda atarudi shule, wanamfundisha wakati ujao usio na mgongo. Kama wewe ni muuguzi msaidizi na una ndoto ya leseni ya uuguzi, chuo cha Dakota County Technical College kiko Rosemount, mwendo mfupi wa gari. Leo jioni mkalishe mwanao, fungua kalenda, umwonyeshe mwezi. Sema kwa Kiswahili, kisha sema kwa Kiingereza chako hichohicho chenye lafudhi ya kwenu: "In September I am going to start school." Yeye achore duara kwenye tarehe. Akikuuliza itakuwaje ukishindwa, usimwambie alale. Kaa hapo hapo, umjibu.